Nyigu wa muhogo: namna ya kumjua, kumlinda na kumhamisha akumalizie vidung'ata kondeni

Assalaam aleykum wakulima wenzangu, wa Unguja na wa Pemba.

Kila mwaka mvua za vuli zikishakata na kaskazi ikaanza kuvuma simu yangu inajaa picha za mihogo. Huyu wa Makunduchi, huyu wa Donge, huyu wa Micheweni, na picha zote sura moja, ncha ya muhogo imejikunja imekuwa kama ngumi, majani yamesinyaa, ukifunua ndani weupe weupe kama pamemwagwa unga wa sembe, na swali nalo ni hilo hilo, nipige dawa gani? Sasa leo nataka nikae nilijibu kwa urefu msome wote, manake jibu ninalo ila haliuzwi dukani. Kuna nyigu mdogo sana, mdogo kuliko hata wale chungu wa kwenye sukari, kazi yake yote ni kumuua huyo mdudu mweupe wa muhogo, na makonde mengi yeye tayari yumo. Sisi wenyewe ndo tunamuua bila kujua, au tunamzibia njia.

Kwanza mhakikishe mdudu mwenyewe

Huyo mweupe watu wa kilimo wanamwita kidung'ata, jina lake la kitaalamu Phenacoccus manihoti. Usimkisie kwa weupe tu, wadudu weupe wako wengi. Chukua kijiti mtoe mmoja aliyekua, mpanguse ule unga taratibu umtazame mwili. Kidung'ata wa muhogo mwili wake una rangi ya waridi iliyopauka, umbo la yai lililobanwa kidogo. Ukikuta mwili wa njano na ukimminya anatoa majimaji ya njano basi huyo ni wa mpapai, ambaye siku hizi naye anapanda mihogo, na ukikuta ana mikia miwili mirefu na mistari miwili myeusi mgongoni huyo ni mwengine kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu nyigu ninayemzungumza hapa ni wa huyu wa waridi, wa mpapai hakusaidii. Wa mpapai ana nyigu wake mwengine, anaitwa Acerophagus papayae, na habari yake tuiache siku nyengine.

Huyu wa waridi wote ni majike. Hawana haja ya dume, kila mmoja anataga mwenyewe mamia ya mayai, ndo maana unaondoka kondeni Ijumaa pako sawa, ukirudi baada ya wiki tatu hupatambui. Anaponyonya, mate yake yanauharibu muhogo, ncha inajikunja na pingili zinakuwa fupi fupi zimepinda, ukiangalia shina kwa mbali utadhani lina mafundo. Kisamvu hakuna, mizizi inabaki kama vidole, na hata mapando (vijiti vya kupandia) ya msimu ujao yanakuwa dhaifu. Halafu anatoa majimaji matamu yanayodondokea majani ya chini, pale panaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria, na utamu ule unaita chungu. Hilo la chungu lishike, tutalirudia.

Mvua za masika zinamwosha na kumpunguza sana. Jua la kaskazi ndo linalomnenepesha, kwa hiyo kazi yote nitakayoieleza hapa anza nayo Disemba na Januari, ukiona ncha za mwanzo tu, usingoje Februari konde zima limeshajikunja.

Nyigu mwenyewe

Anaitwa Anagyrus lopezi. Ukoo wa Anagyrus una nyigu wengi, wanaishi kwa kuwawinda hawa wadudu weupe wenye unga, na huyu lopezi mawindo yake ni kidung'ata wa muhogo. Kwenye maandishi ya zamani utakuta ameandikwa Epidinocarsis lopezi au Apoanagyrus lopezi, ni yeye huyo huyo wataalamu walimbadilisha jina tu. Jike ana urefu wa milimita moja na kitu, mweusi, vipapasio vyake vimepishana weusi na weupe, na mwendo wake ukishauona mara moja huusahau, anakwenda mbio mbio juu ya jani huku anagonga gonga mbele kwa vipapasio kama kipofu na bakora yake. Haumi mtu, watoto wasiogope, ule mwiba wake ni wa kutagia.

Akimpata kidung'ata anamgonga kwanza kama anampima, halafu anageuka anamchoma na kumwachia yai ndani ya mwili. Yai likianguliwa kile kibuu kinamla kidung'ata kwa ndani, taratibu, kidung'ata anavimba, anaacha kutembea, ngozi inakauka na kuwa ganda gumu la kahawia kama kipipa kidogo. Ndani ya kipipa hicho nyigu mpya anakamilika, anatoboa tundu la mviringo, anatoka. Kwa joto letu hili tangu yai mpaka nyigu mzima ni kama wiki mbili mpaka tatu. Na wale vidung'ata wadogo wasiotosha kutagiwa nao hawasalimiki, jike anawachoma na kuwanyonya majimaji apate nguvu, kwa hiyo anaua kwa njia mbili.

Wapo wanaoniuliza, mbona mnatuletea wadudu, hawatogeuka wakala na mazao? Haki yao kuuliza, nawajibu. Kidung'ata si mdudu wa Afrika, kwao Amerika ya Kusini ambako na muhogo wenyewe ndo ulikotoka. Huku alionekana mwanzo kule Kongo mwaka 1973, na kwa kuwa hakumkuta wa kumla akalipasua bara, kuna sehemu alikula mpaka asilimia 80 ya mavuno. Dawa isingewezekana, nani ataweza kupiga dawa makonde ya muhogo ya Afrika nzima? Basi watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, pale Ibadan, Nigeria, kazi ikiongozwa na Mswisi Hans Herren, wakaamua kumtafuta adui yake wa kwao. Mwaka 1981 kidung'ata huyu akapatikana Paraguay, na nyigu wake yuko naye. Hawakumchukua tu wakammwaga, walimpitisha kwanza karantini Uingereza akachunguzwa asije na balaa jengine, ndo akaletwa Nigeria akaachiwa mwaka ule ule wa 1981. Baadae wakawazalisha kwa wingi sana mpaka wengine wakamwagwa kwa ndege, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Kidung'ata alipovuka mpaka Thailand, akaonekana 2008, Wathailand wakaja kumchukua nyigu huku huku Afrika, Benin, mwaka 2009. Miaka zaidi ya arobaini nyigu huyu yuko Afrika na muhogo haujui, maharage hayajui, jani kwake si chakula.

Na sisi Unguja mambo ya kumtumia mdudu kumaliza mdudu si mageni, mbung'o wa mwisho wa kisiwa hiki alionekana 1996 baada ya kumwagwa kwa ndege mbung'o madume waliofanywa wagumba kwa mionzi, wenye ng'ombe wa umri wangu wanakumbuka.

Kumtafuta kondeni

Nenda asubuhi jua halijawa kali, chukua simu yenye kamera inayosogeza karibu, au kioo cha kukuzia kama wanachotumia watoto skuli. Usimtafute nyigu, utachoka. Tafuta maganda. Funua zile ncha zilizojikunja, tazama nyuma ya majani pembeni mwa mishipa mikubwa, katikati ya ule weupe utaona vitu vya kahawia, vigumu, vimevimba, unga wao umepungua. Ukibonyeza kwa ukucha havipasuki kwa maji kama kidung'ata mzima. Vyengine vina tundu la mviringo upande mmoja, hapo mwenyewe ameshatoka. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa maganda haya nilirudi nikakaa chini ya muhogo ule ule nilioupita miaka yote nikahesabu kumi na moja kwenye ncha moja, na nikajisikia vibaya sana, sababu yake nitaieleza hapo chini.

Mie nafanya hivi. Nakatisha konde mshazari, kona mpaka kona, nakagua miche 20, natazama ncha ya kila mmoja, naandika kwenye daftari mingapi ina vidung'ata na kati ya hiyo mingapi ina maganda ya kahawia. Wiki inayofuata tena, siku ile ile. Kama yenye maganda inaongezeka sigusi kitu, hata kama ncha zinatisha, kwa sababu nyigu siku zote anakuja nyuma ya kidung'ata, lazima kidung'ata awepo kwanza ndo apate pa kutagia. Hizi wiki mbili tatu za kungoja ndo zinazowashinda watu, mtu anaona weupe unazidi anakimbilia bomba la dawa, na hapo ndo nyigu walikuwa karibu kutoka.

Kitu chengine ukiwa unakagua, utakutana na mdudu mweupe mwenye nyuzi nyuzi ndefu za nta, mkubwa kuliko kidung'ata, ukimgusa anakimbia. Huyo usimuue wallahi. Huyo ni mtoto wa wale vidudu vya mviringo vyenye magamba ya kung'aa kama shanga, anawala vidung'ata na amejivika weupe kama wao. Kidung'ata ukimgusa anajikokota tu au hatikisiki. Watu wanawafinya hawa kila siku wakidhani wamekamata baba yake kidung'ata.

Dawa

Nilisema nitaeleza kwa nini nilijisikia vibaya. Miaka ya nyuma nilikuwa na konde la nusu eka, kidung'ata akaingia, nikaenda duka moja nikauziwa dawa nikaambiwa piga kila wiki. Nikapiga mara tatu. Wiki ya kwanza nilifurahi, weupe ulipungua. Lakini kidung'ata amejificha ndani ya ncha iliyojikunja na amejifunika nta, dawa haimfikii vizuri, na mayai nayo yamo ndani ya pamba yake, wakati nyigu anatembea juu ya majani hana pa kujificha, tone moja limemtosha. Kwa hiyo nilichofanya ni kuwamaliza nyigu wote na kuwaachia vidung'ata waliobaki konde tupu lisilo na adui. Mwezi wa pili walirudi mara mbili ya mwanzo. Jirani yangu bi mmoja mtu mzima hakuwa na pesa ya dawa, muhogo wake ulidumaa kidogo kaskazi ile halafu ukainuka wenyewe, na masika alikuwa anachuma kisamvu anatupelekea na sisi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili, kwenye muhogo usipige dawa ya wadudu kabisa. Kama una mboga pembeni, mchicha au nyanya, na lazima upige, basi piga jioni upepo umetulia, na elekeza bomba upande usio wa muhogo. Ukiona mche mmoja mmoja umezidiwa mpaka unatia huruma, usikate ukatupa, kuna kazi ya zile ncha naieleza hapo chini. Maji ya sabuni watu wanayasifu, nami siyakatazi, lakini yanamuua na nyigu vile vile akilowa, basi yatumie kwa mche mmoja mmoja ambao umeshaukagua hauna ganda hata moja, usiyamwage konde zima.

Chungu

Hapa naomba tusome kwa utulivu. Chungu wadogo wanaopanda na kushuka kwenye shina la muhogo hawali muhogo, wamefuata yale majimaji matamu ya kidung'ata. Ni kama mtu na ng'ombe wake wa maziwa, na mfugaji hakubali mwizi zizini. Nyigu akitua chungu wanamfukuza, hapati nafasi ya kumgonga na kumchoma kidung'ata, kwa hiyo unaweza kuwa na nyigu kondeni na bado vidung'ata wakastarehe kwa sababu ya ulinzi tu.

Tafuta njia zao, zifuate mpaka kwenye shimo, chemsha maji mwagia shimoni jioni wote wakiwa ndani, rudia baada ya siku mbili tatu mpaka pakae kimya. Palilia vizuri ili nyasi na matawi ya jirani yasigusane na muhogo yakawa daraja. Majivu ya jikoni ukiyazungushia shina yanasaidia wakati wa ukavu, ila umande mwingi au manyunyu yakipita ndo basi unaanza upya. Kwenye mti mmoja mmoja kama mpapai unaweza kufunga kitambaa kwenye shina ukakipaka grisi, grisi kwenye kitambaa sio kwenye gome, lakini kwa konde la muhogo kazi hiyo haimaliziki.

Ila jamani majimoto, wale chungu wanaokaa kwenye minazi, msiwaguse. Najua wanauma, mpanda mnazi anawalaani kila akipanda, lakini majimoto ndo walinzi wa nazi. Kuna mdudu anayezinyonya nazi changa zikadondoka, jina lake Pseudotheraptus wayi, na utafiti wa kuonyesha kwamba mnazi wenye majimoto unabaki na nazi zake ulifanyika hapa hapa Zanzibar miaka ya 1950, na Michael Way, ndo maana hata mdudu yule amebeba jina lake. Chungu wa kwenye muhogo na majimoto wa kwenye mnazi ni mambo mawili mbali mbali.

Ardhi, na hapa ndo penyewe

Kuna kitu nilichelewa sana kukijua na nilipokijua kilinibadilisha namna ya kulima, naomba mkishike hata kama mengine yote mtayasahau. Watafiti waliomfuatilia nyigu huyu Afrika walikuta makonde mengi amefanya kazi safi, lakini kuna makonde alikuwepo na bado akashindwa, na makonde hayo yalikuwa ya ardhi ya mchanga mchovu isiyofunikwa kitu. Sababu yake ni hii. Muhogo ulio dhaifu unalisha vidung'ata wadogo wadogo. Na nyigu jike anapotaga anachagua, kwenye kidung'ata mkubwa anaweka yai la jike, kwenye kidung'ata mdogo anaweka yai la dume. Dume likishatoka gandani haliui kidung'ata mwengine, dume halitagi. Basi konde la ardhi mbovu linatoa nyigu wengi madume, majike wachache, na kizazi baada ya kizazi nyigu wanashindwa kwenda mbio na vidung'ata. Muhogo ukinenepa, kidung'ata ananenepa, na kidung'ata akinenepa ndo anazaa nyigu majike wa kummaliza yeye mwenyewe. Mie niliposikia hivi nilinyamaza kimya muda mrefu.

Sasa angalia makonde yetu. Huku uwandani, mashariki na kusini ya Unguja, na kaskazini ya Pemba, tunalima juu ya mawe, udongo ni kiganja tu, na kila msimu tunachoma moto majani tuanze upya. Wenye konde la namna hii ndo wanaolia zaidi na kidung'ata, na ndo wanaopiga dawa zaidi. Kabla hujafikiria nyigu, funika ardhi. Makumbi ya nazi tunayo, yamerundikana kila penye minazi watu wanayachoma, yapange katikati ya mihogo upande wa nyama juu ama chini haina neno, yanashika maji ya umande na yanaoza taratibu. Makuti ya zamani yaliyoshushwa paani, nyasi zilizopaliliwa kabla hazijatoa mbegu, majani ya gilirisidia, ule mti wa uzio ambao ukiukata unachipua wenyewe. Funika kwa unene wa kama viganja viwili, acha nafasi kidogo karibu na shina. Kama unafuga hata mbuzi wawili, samadi iliyooza, viganja viwili vitatu kila shimo wakati wa kupanda, usiweke mbichi itaunguza. Chomeka kunde au mbaazi kati ya mihogo, zinafunika na zinalisha ardhi, na maua yake yanampa nyigu mzima chakula, manake nyigu mkubwa anakunywa vitu vitamu. Na kile kipande cha magugu yenye maua pembeni mwa konde kiache, usafi wa kufyeka mpaka mpakani hausaidii kitu hapa.

Msimu wa kwanza utaona tofauti ndogo. Wa pili utaona yenye maganda kwenye daftari lako inapanda mapema zaidi, mie kwangu ndo ilivyokuwa.

Kumhamisha kutoka konde hadi konde

Kama umekagua wiki tatu mfululizo hujaona ganda hata moja, na jirani yako kwenye shehia yenu anayo, mwombe. Kazi hii haina gharama, unahitaji kartoni la karatasi ngumu lenye mfuniko, kama la biskuti, na chupa ya kioo inayopitisha mwanga, ya jemu inatosha.

Kartoni lizibe matundu yote kwa gamu tepu mpaka ndani pawe giza kabisa. Chini tandika gazeti. Ubavuni toboa tundu moja la ukubwa wa mdomo wa chupa, ingiza mdomo wa chupa uubane vizuri pasiwe na mwanya, chupa ibaki nje imelala. Ndani ya chupa, kwa kijiti, paka tone la asali iliyochanganywa na maji kidogo sana, tone dogo kabisa, ukizidisha nyigu atanasa humo afe. Halafu nenda kwa jirani asubuhi, chagua ncha zenye maganda mengi ya kahawia yasiyotobolewa, kata kama ncha thelathini, zikung'ute maji ya umande, ziweke kartonini bila kuzishindilia, funga. Weka kivulini, ndani ya nyumba, mbali na moto na mbali na dawa ya mbu, hii ya mbu imewaharibia watu kazi, dawa inawashwa chumbani usiku asubuhi nyigu wote chali.

Ncha zitanyauka, vidung'ata wazima watakufa kwa kukosa cha kunyonya, lakini nyigu aliyemo ndani ya ganda hahitaji tena muhogo, ataendelea kukua na atatoka. Akitoka anakuta giza, anaona mwanga wa chupa, anaufuata. Kila asubuhi angalia chupa. Ukiona vidudu vyeusi vinatembea, toa chupa, ifunike kwa kitambaa kizito na mpira, halafu ziba lile tundu au weka chupa nyengine. Usifunike chupa kwa chandarua, matundu yake nyigu huyu anapita. Wapeleke kondeni asubuhi hiyo hiyo au alasiri jua likipoa, sio saa sita na sio siku ya mvua. Laza chupa kwenye ncha yenye vidung'ata wengi, toa kitambaa, ondoka, wao wenyewe watatoka. Wagawe miche mitano sita tofauti badala ya kuwamwaga wote pahala pamoja. Wakiingia chupani na vitoto viwili vitatu vya kidung'ata usihangaike, unawapeleka kwenye mche ambao tayari unao.

Endelea wiki tatu, baada ya hapo kartoni na kilichobaki choma jikoni. Halafu subiri, mwezi kamili kabla hujaanza kuyatafuta maganda ya kizazi kipya.

Mpaka wa kazi hii ni karibu karibu, konde na konde, shehia na shehia ya jirani. Usipakie ncha za mihogo kwenye boti kutoka Pemba kuja Unguja wala kutoka bara, hata kwa nia njema. Majani na vijiti vya muhogo vinabeba magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, na ndani ya baadhi ya maganda kumo na nyigu wengine wanaomla huyu nyigu wetu, kwa macho huwezi kuwatofautisha wakiwa gandani. Ndo maana nasema peleka nyigu walioingia chupani tu, majani yabaki. Ukihitaji zaidi ya hapo zungumza na bwana shamba wenu awasiliane na watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, kumtoa mdudu ng'ambo na kumwingiza kisiwani ni kazi yao, ina taratibu zake.

Mapando na mavuno

Kidung'ata anasafiri zaidi kwa mapando kuliko kwa miguu yake. Mapando ukiyapata kwa mtu kagua kila kijiti kwenye vijicho, na siku ya kupanda yaogeshe maji moto. Chemsha maji ndoo moja, changanya na maji ya baridi ndoo moja ya ukubwa ule ule, tumbukiza mapando dakika tano mpaka kumi, yatoe, yapoe, panda siku hiyo hiyo usiyalaze. Inaua vidung'ata na utitiri bila ya kuua kijicho, ila usikadirie kwa mkono, pima kwa ndoo kweli kweli, maji moto zaidi ya hapo yatakupikia mbegu.

Na wakati wa kung'oa using'oe konde lote siku moja kama huna haraka ya pesa. Acha mistari miwili mitatu upande wa konde jipya mpaka mihogo mipya ipate urefu wa goti. Zile ncha za mihogo uliyong'oa zenye maganda usizichome, zirundike kwenye kivuli pembeni ya konde jipya, zikae wiki tatu nyigu watoke, ndo uzifanye mbolea.